Sauti Chini ya Lakiri

Hassan alikuwa na kituko chake. Kila akimtumia mkewe ujumbe wa sauti kutoka melini, humaliza kwa kumwita, "Waridi?" kisha hunyamaza kidogo, kana kwamba anangoja jibu. Naye Waridi, peke yake jikoni kwake Mtongwe, mwiko mkononi, huitika kwa sauti, "Abee!" Majirani walimcheka mpaka wakachoka.

Kisha Hassan akafa. Alifia ndani ya tangi la meli ya kigeni, katika bandari ya mbali, na maiti yake ikaletwa ndani ya sanduku la bati lenye amri lisifunguliwe. Wenye meli waliandika kwamba aliingia tangini kwa kichwa chake, hakutumwa na mtu. Simu yake, eti, haikuonekana.

Lakini siku ile ile alikuwa amemtumia Waridi ujumbe mmoja, wa dakika moja na sekunde kumi na tisa. Uliingia Waridi akiwa harusini, na kabla hajaufungua ikaja habari ya msiba. Tangu hapo hakuthubutu. Kila alasiri, yumo edani, aliitazama ile alama ya kijani ya ujumbe usiosikilizwa, kisha akairudisha simu chini ya mto. Maadamu hajausikiliza, Hassan bado ana neno la kumwambia. Akishausikiliza, yamekwisha.

Mwezi wa tatu wa eda akabisha hodi Inspekta Gladys Mweri, askari mpelelezi. Alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani, akatoa pole kabla ya kuvaa glavu na kutoa barua.

"Imetoka kwa mwendesha mashtaka wa nchi ile alikofia, dada. Ilifika Nairobi, ikalala huko miezi miwili, ndiyo kwanza inateremka kwetu. Kuna baharia aliyemwona mumeo akirekodi mlangoni pa tangi. Wanaitaka simu yako."

"Nitawapa. Ngoja niusikilize mara moja."

Gladys aliinamisha kichwa. "Usiufungue, tafadhali. Ukiufungua leo simu itaonyesha, na wakili wa wenye meli atasema umeuchezea. Waliomtuma watatoka mahakamani wakicheka."

"Kwa hiyo mume wangu atasikiwa na wageni kabla yangu mimi?"

"Ndiyo," Gladys alisema. Angalau hakumdanganya.

Waridi alimchukia kwa dakika nzima, yeye na barua yake na glavu zake. Halafu akalikumbuka lile sanduku. Alimzika mume bila kumwona uso. Amwache na uongo juu ya kaburi pia? Akaitoa simu chini ya mto kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka kuizungushia kipande cha leso, akaambiwa mfuko ule wa polisi unatosha. Mfuko ukatiwa lakiri, naye akaweka sahihi juu yake.

Subira yavuta heri, walimwambia wanawake waliokuwa na waume zao nyumbani. Miezi minane ilipita. Alinunua kabambe, kisimu cha bei rahisi, ambayo haikulia ila kwa watu waliokosea namba. Asubuhi alizimudu. Alasiri zilimshinda, alikuwa akisimama jikoni na mwiko, akisikiliza, hasikii kitu. Alikuwa mpweke, na hakuwa na wa kumwambia.

Mwishowe aliitwa mahakamani, ng'ambo ya feri tu, katika chumba kidogo chenye kioo kikubwa cha video ukutani. Humo kiooni alionekana jaji wa nchi ile, ameketi huko huko kwao, na kando yake mkalimani, mzungu aliyejifunza Kiswahili chuoni. Gladys aliketi karibu na Waridi.

"Sauti itachezwa," alisema mkalimani. "Utajibu ndiyo au siyo. Ni ya mume wako?"

Ikachezwa.

"Waridi, sikiliza. Huyu bwana wa zamu ananitaka nishuke tangini. Nimemwambia hewa ya humu haijapimwa." Karibu yake mtu alifoka kwa Kiingereza, amri fupi ya kushuka sasa hivi. Hassan akamjibu kwa adabu, kisha akarudi kwa mkewe. "Haya, nashuka. Ile kanzu yangu ya Idi mpe fundi aitie kifungo, usisahau. Waridi?"

Akanyamaza. Zilikuwa zimebaki sekunde nne, hazina kitu ila pumzi zake akingoja.

"Abee!" Waridi aliitika, kwa sauti ile ile ya jikoni.

Mkalimani alikunja uso, akapekuapekua karatasi zake. "Jaji anasema shahidi ajibu ndiyo au siyo."

Gladys alimshika mkono. Waridi alijifuta machozi kwa ncha ya buibui.

"Mwambie jaji mume wangu ameniita," akasema. "Nami nimeitika."