Boksi la Basi la Bati

Mtu akikuambia kukusanya vichezeo vya kale ni burudani, muulize kama amewahi kununua kitu kwa Bi Etelka wa Nyíregyháza. Boglárka amewahi, na mpaka leo ukilitaja jina hilo utamsikia akisaga meno.

Hakuzaliwa na ugonjwa huo. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno hapa Budapest, mjane wa miaka hamsini na mitano, akiishi ghorofa ya nne na baba yake, Mzee Gáspár. Lakini kwa miaka sita kila Jumamosi alidamka kwenda soko la vitu vikuukuu, akirudi hapo anapekua maduka ya mitumba, na siku za kazi anamaliza chakula cha mchana akiperuzi matangazo kwenye simu. Alitafuta kitu kimoja tu: basi jekundu la bati, la kuzungusha ufunguo likakimbia, lililotengenezwa alipokuwa na miaka sita. Tena si basi lenyewe, maana mabasi hayo anayo manne. Alitaka boksi lake. Na boksi ndilo lisilopatikana, kwani ni mtoto gani aliyepewa basi akatunza boksi? Basi kwa kuwa mkusanyaji haondoki sokoni mikono mitupu, chumba chake kilijaa kuku wa bati wanaodonoa na vyura wa bati wanaoruka, mpaka kitanda kikasukumwa dirishani.

Chanzo cha balaa lote ni baba. Mzee alikuwa mchoraji katika kiwanda cha vichezeo, na picha ya boksi lile aliichora yeye: basi linakwenda ziwani, na dirishani amechungulia bintiye Boglárka, na plasta kidevuni, kwa sababu wiki ile alikuwa ameanguka kwenye ngazi za stoo ya makaa. Kisha siku moja Mzee akaiona mezani karatasi ya kupelekwa kwa mchapishaji. Mchoraji: Terebes Kálmán. Kálmán alikuwa mkuu wake wa kazi, na ndiye aliyemsimamia harusi. Mzee hakuuliza neno. Alivaa koti akatoka, na kiwandani hakurudi tena. Basi lilipoingia madukani alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya vioo. Boksi lenyewe hakuliona hata mara moja. Kálmán alipokufa, Mzee hakwenda kuzika.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema kila asubuhi juu ya mkate wake wa mafuta na kitunguu, na Boglárka alikuwa ameusikia msemo huo mara nyingi kuliko kengele za kanisa.

Sasa chama cha wakusanyaji kikaandaa maonyesho, na chini ya basi jekundu wakapanga kuandika: Mchoro wa Terebes Kálmán. Mzee alimpigia simu katibu, Bwana Ödön, akamfokea nusu saa nzima. Bwana Ödön ni mtu mpole.

"Niletee boksi, mzee wangu," alisema. "Nikimwona huyo mtoto mwenye plasta, nabadilisha maandishi siku hiyo hiyo."

Zilibaki wiki tatu ndipo tangazo la Bi Etelka likatokea. Picha ilikuwa ya basi juu ya kitambaa cha meza, na nyuma yake, nusu limefichwa na chungu cha maua, boksi. Boglárka alikaribia kuiangusha simu kwenye supu. Akamwandikia palepale kumwomba picha ya boksi kwa karibu. Bi Etelka akatuma picha saba za basi na moja ya paka.

Akampigia. "Mama, basi ni zuri, lakini mimi shida yangu ni boksi. Niambie, dirishani kuna mtoto wa kike?"

"Watoto wamo, mwanangu, basi zima. Mimi miwani yangu imekaliwa na shemeji."

"Sawa. Nalinunua. Ila nakuomba kwa jina la Mungu, boksi usilitupe, usilipanguse, usilikunje."

"Nilitupe! Boksi gumu namna hii? Maboksi ya siku hizi ni karatasi ya kufungia jibini. Nitakutumia, mama, usiwe na wasiwasi. Na ukilipata usisahau kunipa nyota tano, maana kuna mjinga alinipa tatu kwa kikombe kilichokuwa na ufa tangu alipokiona."

Siku nne baadaye mtu wa posta akabisha. Boglárka alipokea kifurushi, akakitazama, akakigeuza, akakaa chini kwenye ngazi.

Bi Etelka hakulitupa boksi, la. Bi Etelka hakutaka kupoteza pesa kununua boksi la posta wakati analo gumu mkononi. Alilitia basi ndani, akalizungusha mkanda wa gundi wa kahawia mara tisa kama anafunga mguu uliovunjika, na upande wa mbele, juu kabisa ya madirisha, akabandika karatasi ya anwani kubwa kama kiganja. Pembeni akaongeza kwa kalamu, kwa kukandamiza: INAVUNJIKA.

"Limefika?" Mzee aliuliza kutoka jikoni.

"Limefika," Boglárka alisema, na sauti yake ilimtisha hata yeye.

Mzee alipoliona alianza kucheka, kicheko kibaya. "Hata kaburini, Kálmán ana bahati! Uso wa mtoto umefunikwa na anwani yangu mwenyewe!"

"Baba, nyamaza. Ukisema neno moja tu zaidi nalirusha dirishani na wewe ulifuate."

Alichukua petroli ya kujazia viberiti, pamba, na kile chuma chembamba cha kukwangulia meno, akaketi mezani. Tone moja, asubiri, anyanyue ukingo wa karatasi upana wa punje ya mchele, tone lingine. Baba alisimama nyuma yake akipumua shingoni, akimfundisha kazi ambayo hajawahi kuifanya. "Polepole. Siyo hivyo. Unachubua rangi!" Saa mbili nzima. Boglárka amewashikilia wanaume waliopiga mayowe wakati daktari anawang'oa meno, lakini subira yake haijawahi kubanwa namna ile.

Anwani ikabanduka. Chini yake msichana mwenye nywele fupi alikuwa amechungulia dirishani, na kidevuni, nyeupe pe, plasta.

"Ehe!" Mzee alipiga meza kwa kiganja. "Ehe! Nilisema nini mimi? Nani angeijua plasta ile? Kálmán? Mwizi mkubwa! Mpigie Ödön!"

Boglárka alishapiga picha na kumtumia Bwana Ödön. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya furaha au ya uchovu, hakujali. Akaendelea na mkanda wa chini, kwa sababu mkusanyaji haachi gundi juu ya karatasi. Na ulipotoka mkanda huo yakaonekana maandishi madogo ya kiwandani, yaliyochapwa pamoja na picha.

Aliyasoma mara mbili. Kisha akayasoma kwa sauti. "Mchoro: Szendrei G., Terebes K."

Mzee Gáspár, ambaye ndiye huyo Szendrei, akaomba miwani. Akainama. Akayafuata maandishi kwa ukucha.

"Amekuweka mwanzo," Boglárka alisema.

"Ni alfabeti tu hiyo."

"Alfabeti!" Boglárka alisimama, kiti kikaanguka. "Miaka hamsini! Miaka hamsini umetulisha hasira kuliko mkate, mama amekufa anaisikia, mimi nimejaza kuku wa bati mpaka sina pa kulala, na jina lako limeandikwa hapa wakati wote! Ungetazama dirisha la duka, baba! Mara moja!"

"Karatasi ilisema..."

"Karatasi Kálmán alishairekebisha! Au hukumbuki alivyokuja? Alikuja mara mbili baridi ile, nina miaka sita, ana kitu kwapani kimefungwa gazeti. Ukanituma mlangoni niseme baba hayupo. Na wewe umesimama hapo, penye friji, umevua ndara usisikike."

"Hujui alikuwa amebeba nini."

"Sijui. Na wewe hujui. Nilimwambia hayupo, akanipapasa kichwa, akaniuliza kidevu kimepona."

Mzee akakaa. Boglárka alimwonea huruma baba yake wakati huo, na bado alitamani kumtikisa mpaka mifupa ilie.

Simu ikalia mezani. Kwenye kioo: Bwana Ödön. Mzee aliitazama, akasukuma kiti nyuma taratibu, na kwa sauti ya chini kabisa, mkono mbele ya mdomo, akasema, "Mwambie sipo."

Boglárka alipokea. "Yupo, Bwana Ödön," alisema. "Yupo hapa hapa." Akamtia baba simu mkononi, akakifunga kiganja cha mzee kwa mkono wake ili asiiangushe.

Mzee akaiweka sikioni. Upande wa pili Bwana Ödön alikuwa akipongeza, akiuliza sasa maandishi yasemeje.

"Majina ni mawili," Mzee alisema. Akakohoa, akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Andika yote mawili. Na uniambie, bwana wangu, wewe na watu wenu wa chama mnazuru makaburi ya wachoraji wa kale: Kálmán wamemzika wapi?"