Kijumba Chekundu cha Pampu

Torbjørg alikuwa na hakika na jambo moja: kijumba kile chekundu cha nje ndicho kilichokuwa kikimfukuza kwake. Na asingeweza kulisema, kwa sababu aliyekijenga alikuwa amekaa mbele yake, koti mwilini, akipuliza kahawa.

"Mama, hebu ona," alisema Eivind, mwanawe. "Pumzi yangu naiona. Sebuleni, jamani!"

"Basi usipumue."

"Leta mzaha tu. Barabara ikifunguka, unapanda gari."

Barabara ya mlimani, njia pekee ya kuingia na kutoka kijiji cha pwani cha Hamnvåg, ilikuwa imefungwa kwa dhoruba. Eivind alikuja kumchukua mama yake ampeleke makao ya wazee mjini, na theluji ikamfungia hukohuko. Nje hakutokeki, ndani hakukaliki. Bomba la moshi la jiko la kuni lilikuwa limepasuka, mkaguzi wa majiko amekataza kuwasha moto. Ilibaki pampu ya joto tu.

Pwani ile kila nyumba inayo. Mashine ya nje hunyonya joto la hewani, maana hata hewa ya baridi haikosi joto kidogo, na ile ya ukutani hulipuliza ndani. Lakini baridi yao ni ya unyevunyevu, na unyevu huganda kwenye mashine ya nje mpaka hewa ikakosa pa kupita. Hapo mashine hujigeuza: feni inasimama, joto linarudishwa nje kuyeyusha barafu, mvuke unafuka, maji yanachuruzika, na mwenye nyumba anavumilia dakika chache. Kisha kazi inaendelea. Hakuna ubaya hapo, ndivyo ilivyoundwa.

Ubaya ulikuja na kijumba. Watu wa kule hawapendi kuiona pampu imening'inia ukutani, wanaona inaharibu sura ya nyumba, kwa hiyo wanaijengea kibanda. Eivind alimjengea mama yake kilichovishinda vyote: mbao zilizopigwa randa, rangi nyekundu kama ya nyumba yenyewe, sakafu, na paa la majani juu. Majirani walikuja kukisifu. Torbjørg naye alikisifu, tena akawakaangia watu mikate ya maziwa. Lo, kumbe! Hewa ya baridi iliyotemwa na feni ilikuwa ikigonga mbao na kurudi kunyonywa upya, mashine ikawa inakula matapishi yake. Barafu ikaganda upesi, mapumziko ya kujiyeyusha yakawa hayaishi, na maji yaliyoyeyuka yakaganda tena pale sakafuni yakipanda juu. Torbjørg alilijua hilo kwa masikio tangu baridi ilipoanza. Akanyamaza. Zawadi ya mwanao utaitiaje kasoro?

Mashine ya ukutani ikanyamaza.

"Imekufa tena," Eivind akasema.

"Haijafa. Inajiyeyusha."

"Tangu asubuhi inajiyeyusha! Mama, nyumba hii haipati joto."

Torbjørg akamgeukia. "Na ikipata?"

"Haipati."

"Nakuuliza wewe, ikipata?"

"Ikipata, ubaki. Haya, umeridhika?"

Torbjørg akavaa viatu vya theluji, akapita bandani, akatoka na shoka. Eivind aliposikia pigo la kwanza alikimbilia nje na soksi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Navunja."

"Likizo yangu nzima nimeimalizia hapo!"

"Najua, mwanangu. Kizuri sana. Ila kinanigandisha."

Ubao ukaruka. Ndani, mashine ilikuwa imezama kwenye barafu hadi kiunoni. Eivind akasimama akiitazama, theluji ikimpiga usoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuonea haya."

Eivind alikwenda kuvaa viatu, akarudi na ndoo ya maji ya uvuguvugu, wakaitoa barafu pamoja.

Kesho yake mchana nyumba ilikuwa na joto mpaka vyumbani. Eivind alibaki na fulana. Torbjørg alikuwa akikata jibini la kahawia huku akiimba kichinichini, simu ya Eivind ikaita: katapila la theluji liko njiani, magari yataruhusiwa kupita kwa msafara nyuma yake, kisha kizuizi cha barabara kitashushwa tena, maana dhoruba nyingine inakuja. Eivind akaingia chumbani. Akatoka na begi la mama yake.

"Hilo la nini?" Torbjørg akauliza. "Tumekubaliana."

"Nilikubali kwa sababu nilijua haitawezekana. Si baridi, mama. Simu ikilia usiku, nadhani ni wewe umeanguka. Silali. Nafasi yako kule makaoni nimeshaikubali."

Torbjørg akamkazia macho. Hasira ilimpanda, na huruma ikaja juu yake, asijue ashike ipi. Miezi yote ile alikuwa amemeza baridi ili asimuumize huyu, na huyu tayari alikuwa ameshamfungia mzigo.

"Umeikubali wewe, kakae wewe," alisema. "Nasikia Alhamisi wanacheza bingo."

Eivind akacheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio, mtu mzima yule. Torbjørg akamshika mashavu kwa mikono yake miwili.

"Nenda. Msafara haumsubiri mtu."

"Na ukianguka?"

"Nitakuwa nimeanguka kwangu."

Begi likaachwa mlangoni. Kutoka dirishani Torbjørg aliziona taa za gari la mwanawe zikijipanga nyuma ya magari mengine, zikapanda mlima, zikamezwa na theluji. Kizuizi kikashuka.

Pampu ilikuwa ikipuliza vizuri. Akakaa kitini, mikono magotini, nyumba yake yote ikiwa na joto kama alivyotaka. Hapo ndipo alipoanza kuogopa kuanguka, na hakuwa na wa kumwambia.