Masizi ya Nazi

Hebu niambie, mwenzangu: ukikuta chombo kina masizi jikoni mwako, mikono yako itatulia?

Ya Mwatima haikutulia. Asubuhi ile, pale kwake Tongoni, alikuwa amekwisha kufagia ua mara mbili. Akabandika wali, akauepua kabla haujakauka, akaubandika tena. Jirani yake Khadija akachungulia juu ya ua wa makuti.

"Mwatima, huo mchanga utaufagia mpaka ufike Pemba?"

"Nina mgeni."

"Mgeni gani? Si Tuhfa, mwanao?"

"Anayeingia asubuhi akatoka alasiri, utamwitaje?"

Khadija akacheka, akaenda zake. Mwatima akakalia mbuzi, akakuna nazi isiyohitajika na mtu.

Nazi ndiyo iliyoanzisha yote. Tuhfa alichukua chupa ya mafuta aliyopika mama yake, akaenda nayo maabara mjini. Akayageuza mvuke, akaupitisha kwenye tanuri, na moshi ukaganda juu ya kigae cha kioo: masizi laini kama wanja. Ndani ya masizi yale mna mirija ya kaboni, myembamba hata unywele mbele yake ni gogo. Tuhfa alitaka siku moja ichuje chumvi katika maji ya visima, hata cha pale nyumbani, ambacho chai yake hainyweki mpaka uizidishie sukari. Alikuwa akikipeleka kigae Dar, kwenye hadubini kubwa. Mirija ikionekana, Uchina wangempokea, akasome miaka minne. Mama aliambiwa habari ya Uchina tu. Mengine Tuhfa aliona yatamchosha.

Mkebe wenye kigae aliuacha juu ya kabati la vyombo, akaenda kumwamkia shangazi yake.

Aliporudi, aliufungua. Mtupu. Akatazama huku na huku, mpaka macho yakafika kwenye kichanja cha vyombo. Kigae kilikuwa kimelazwa kati ya vikombe, kinang'aa.

"Mama, hiki umekifanya nini?"

"Nimekisugua. Kwa kumbi la nazi na jivu."

Tuhfa akachuchumaa, akaliokota lile kumbi, akaligeuza. Weusi ulikuwa umeshachanganyika na jivu, na maji yamekwenda na mchanga. Akalirudisha palepale, polepole.

"Miezi mitatu," akasema. Kisha akaweka mkono begani kwa mama yake. "Basi, mama. Kosa langu. Ningekwambia kwamba si uchafu. Wewe hukujua."

Msamaha ule ukamkaa Mwatima kooni kama mwiba wa samaki changu. Akainuka, akaketi. Akafuta viganja kwenye kanga. Weusi ulioingia kwenye mistari ya viganja haukutoka. Akafuta tena.

"Tuhfa."

"Bee, mama."

"Asubuhi ulipokuwa mlangoni na simu yako, ukimwambia mwenzio umebeba masizi ya thamani ya kukufikisha Uchina, mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilijua si uchafu."

Mkono wa Tuhfa ukatoka begani. Huko barabarani basi likapiga honi, na jikoni wali ukaanza kunukia kuungua. Hakuna aliyekwenda kuuepua. Mwatima alikuwa bado anafuta, anafuta, kanga imeshaingia weusi, ndipo mikono yake ikasimama.

"Nilitaka usiende," akasema.