Buni Bila Maneno

Kiti cha Githae kilianguka chali, naye akabaki amesimama na mikono hewani kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Mbele yake, kwenye sufuria, buni za kahawa zilikuwa bado zinatoa povu la samli. Harufu ilikuwa imejaa chumba, harufu ya utoto wangu wote, na yeye alikuwa akiitazama sufuria ile kama mtu anayetazama nyoka.

"Fungua mlango," aliniambia. "Molu, fungua huo mlango sasa hivi."

Nilikuwa nimeufunga mwenyewe, kwa sababu ya upepo. Ilikuwa Julai, na upepo wa Isiolo wa Julai hukuingizia mchanga hadi kwenye meno.

Siku hizi watu hutoka Meru, na wengine Nairobi, kuja kuketi kwenye meza yangu ndefu kila Jumamosi. Hula vyakula vilivyonilea mimi na vilivyowalea majirani zangu. Vijana huniita shefu, na sikatai. Jina hilo nimelitolea jasho. Wanasifu kila kitu isipokuwa mlango, ambao siufungi hata upepo uvume namna gani. Vumbi likiingia kwenye mchuzi, nawaambia wafunike sahani.

Meza hiyo ilizaliwa miaka ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, katika chumba cha nyuma cha hoteli ya mama mmoja Mmeru aitwaye Kinanu. Mimi nilikuwa mpishi wake. Upishi nilijifunza kwa kutazama, na kusoma nilijifunza shule ya jioni, mpaka kafyu ilipokuja na taa za shule zikazimwa. Mji ulikuwa kama mguu uliofungwa bandeji. Malori yaliondoka kwa misafara tu, askari mbele na askari nyuma. Tairi likipasuka barabarani, wateja walikuwa chini ya meza kabla hujageuza shingo. Nilishindwa kutulia. Nilisugua sufuria zilizokwisha kusuguliwa, nikatoka nje kutazama barabara ya Merti, nikarudi, nikazisugua tena.

Aliyeanzisha jambo lenyewe ni Mungania, mfanyabiashara wa miraa, mtu wa tumbo na wa maneno.

"Molu, kupika unajua," alisema siku moja akiusukuma wali wake kando. "Lakini unapika kama serikali. Leo hii, kesho hii. Mama yangu alikuwa na uji wa mawele uliochacha, ukinywa unafunga jicho moja!"

"Basi nenda kwa mama yako," Kinanu akamwambia.

"Na shifta barabarani? Nenda wewe, mimi nitakulindia hoteli."

Tulicheka, lakini Jumamosi iliyofuata nilimwekea mbele kibuyu cha uji wa mawele. Alikunywa, akafunga jicho moja, kisha akafunga yote mawili. Kuanzia hapo ikawa desturi. Kila Jumamosi, mapema ili watu wawahi kafyu, mmoja wetu alikula chakula alichokuwa akipikiwa na mama yake utotoni. Kazi yangu ilikuwa kukitafuta na kukipika.

Zamu ya Githae ilipofika, hakutaka nyama. Alikuwa afisa kijana kutoka Nyeri, shati jeupe, kalamu mfukoni. Ndiye aliyetia sahihi pasi za kusafiri. Alitaka thabai, yale majani yanayowasha mwili.

"Hayo si ya mbuzi?" Mungania akamchokoza.

"Tulikuwa tumezungushiwa handaki na miti iliyochongwa," Githae alisema. "Wakati ule wa wazungu. Kina mama walifunguliwa kidogo tu kutafuta chakula. Mama yangu alichuma hayo kwa mikono mitupu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu na geti."

Mungania mwenyewe aliyaleta majani hayo kwa lori lake, na Githae akala sufuria nzima bila kuinua kichwa.

Usiku ule sikulala. Mama yangu, Qabale, alikuwa Merti, ndani ya seng'enge, pamoja na wote waliokusanywa na serikali kutoka malishoni. Ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha, wengine kwa risasi, wengine kwa njaa, maana ng'ombe hachungwi ndani ya uzio. Msafiri mmoja alikuwa ameniletea habari kwamba mama anakohoa na hali chakula tena. Bila pasi hangeweza kutoka. Mwenye kutoa pasi alikuwa anakula mezani kwangu kila wiki, na mimi nilikuwa nashindwa kufungua mdomo. Sikuzoea kuomba. Niliwaza kwamba zamu yangu ikifika nitapika kitu cha mama, nacho kitaomba badala yangu.

Kwetu Waborana buni hazisagwi. Hukaangwa nzima ndani ya samli, na maganda yake, zikaliwa kwa maziwa, na mzee huziombea zikiwa bado motoni. Lakini kabla ya moto, kila moja huumwa ncha ili samli iingie. Ni kazi ya wanawake. Mama hakujaliwa binti, kwa hiyo nilikulia kwenye paja lake nikiuma buni na kutema ncha.

"Polepole," alikuwa akiniambia. "Unaiamsha, huiui."

Mungania aliniletea buni zenye maganda zikiwa zimefichwa katikati ya miraa, maana mkulima hakuruhusiwa kuziuza ovyo. Nilimwalika mzee Roba aziombee. Alikuwa muuza ngamia asiye na ngamia tena, na masikio yake yalikuwa yamechoka kuliko macho. Nilifunga mlango. Roba akaanza dua, na kila baada ya sentensi, mimi, Kinanu na Mungania tuliitikia "nagaa," yaani amani, kama nilivyowafundisha. Nilichovya kidole kwenye samli, nikajipaka kipaji cha uso, nikawapaka wenzangu. Kisha nikamgeukia Githae na buni moja kiganjani, ncha yake imeumwa.

"Tafuna, umeze," nilisema kwa furaha.

Hapo ndipo kiti kilipoanguka.

"Anadhani ni kiapo," Mungania alininong'oneza, na rangi imemtoka. "Molu, unamlisha afisa kiapo!"

Nilielewa mara moja. Watu wa rika la Githae, kutoka kwao, walijua viapo vya siri vya wakati wa wazungu: nyumba iliyofungwa, kundi linaloitikia kwa sauti moja, kitu cha kumeza na mafuta ya kupakwa. Walijua pia serikali ilimfanya nini aliyemeza. Na huyu alikuwa mtu wa serikali, Isiolo, wakati wa shifta.

"Nyote mmeona," Githae alisema akirudi nyuma. "Mimi sijala. Kinanu, umeona?"

"Nimeona, baba. Si uketi kwanza."

Roba hakuwa amesikia hata kiti. Aliendelea kuomba, macho yamefumbwa, akisubiri tuitikie, na hakuna aliyethubutu.

Nilimfuata Githae nje. Alikuwa anatembea haraka kuelekea ofisini na upepo ulikuwa umelivimbisha shati lake. Niliona mwisho wangu, na nyuma yake nikauona mwisho wa mama.

"Bwana Githae, ni maombi tu ya mvua!"

Alisimama, lakini hakunisogelea. "Nitafsirie. Kila neno alilosema yule mzee."

"Amesema ng'ombe wazae. Mvua inyeshe, nyasi ziote. Aliye njiani afike. Watoto wasiogope. Aliyefungiwa afunguliwe."

"Hilo la mwisho," alisema, "ni la mzee, ama umeongeza wewe?"

Ningeweza kudanganya. Hakujua hata neno moja la Kiborana.

"Nimeongeza mimi."

"Nani amefungiwa?"

"Mama yangu, Qabale. Yuko Merti."

"Kuna seng'enge?"

"Iko."

"Wanafunguliwa saa ngapi kwenda kuteka maji?"

"Sijui."

"Angekuwa wangu, ningejua," alisema, akageuka na kwenda zake.

Jumamosi zilikoma. Kila lendirova iliyopunguza mwendo mbele ya hoteli niliihesabu kuwa yangu. Nilichoma wali, nikatia chumvi kwenye chai ya wateja, mpaka Kinanu akaniambia, "Kama wanakuja kukushika waje upesi, unanimalizia wateja." Githae akipita alipita upande wa pili wa barabara. Hakuniripoti, na hakunisalimu.

Kisha siku moja msafara wa Merti ulisimama karibu na soko, na askari akamsaidia mwanamke mmoja kushuka. Sikumtambua mpaka alipoanza kukohoa. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilimbeba kama kuni. Kwenye pindo la shuka lake kulikuwa na fundo, na ndani ya fundo pasi iliyokunjwa vizuri, yenye sahihi niliyoijua.

Alipopata nguvu ya kuketi, aliomba buni. Nilimletea zile zilizobaki, nilizokwisha kuziuma. Alizichungulia moja moja.

"Bado unaua," alisema.

Alizikaanga mwenyewe, jikoni kwa Kinanu, mlango wazi na vumbi likiingia. Kivuli kilianguka kizingitini. Alikuwa Githae, kofia mkononi. Hakuingia. Alimtazama mama akikoroga, hasa mikono yake, kisha akanitazama mimi.

"Nitakula," alisema. "Lakini bila maneno."

"Bila maneno," nilikubali.

Nilimpa kwenye kisahani cha bati. Alizitafuna akiwa amesimama nje, uso kwenye upepo, kama mtu anayekula karanga akisubiri gari. Alizimaliza zote.

"Zinataka chumvi," alisema.

Niliingia kuifuata. Mama hakujua Kiswahili, wala hakuwa ameniuliza tumepatana nini. Alikuwa ameinama juu ya sufuria, na midomo yake ilikuwa ikitembea, polepole, bila sauti. Nilimsubiri amalize, kisha nikachukua chumvi.