Kufuli za Dhahabu za Gatimu

Katika kikundi chetu cha akina mama wa Wendani hakuna aliyesoma kunishinda. Nilifika darasa la saba. Nililipenda sana darasa hilo, hata nikalirudia mara tatu, na mara ya tatu mwalimu mkuu aliniomba kwa upole nikaolewe.

Lakini mwandiko ninao. Tuliponunua viti vya plastiki mia moja, vya kukodisha kwa harusi na matanga, mimi ndiye niliyepewa brashi na rangi ya mafuta ya buluu niandike WENDANI nyuma ya kila kiti. Kiti kisicho na alama hapa Nyeri kinaenda matangani na kupata nyumba nyingine. Vile kumi nilivyonunua mwenyewe nikaviongezea maneno kidogo chini ya kikalio, salamu kwa mwizi pamoja na jina langu, Watiri. Tabby, mwenyekiti wetu, aliposoma salamu hizo alisema nimeaibisha kikundi. Nikamwambia hakuna mtu mwenye heshima anayetazama chini ya kiti.

Viti hivyo, tenti moja na sufuria sita kubwa tuliviweka katika stoo za marehemu Kinuthia, kwenye barabara ya kwenda Mukurweini. Vyumba ishirini vyenye milango ya mabati. Unalipa kwa mwezi, unatia kufuli yako, unakwenda. Mwalimu aliyehamishwa anaacha makochi yake hapo, na walioachana wanaacha kitanda wakibishana ni cha nani. Ufunguo wa chumba chetu, namba saba, niliushika mimi miaka kumi na tisa.

Kinuthia akafa, akaingia mwanawe Gatimu. Nusu ya vyumba vilikuwa vitupu kwa sababu paa linavuja. Mtu mwingine angenunua mabati. Gatimu alikwenda semina ya siku mbili hotelini, akarudi na viatu vyenye ncha.

"Shosho," akaniambia, maana kwake kila mwanamke mzee ni nyanya, "watu hawalipii nafasi. Wanalipia amani ya roho."

"Na mvua ikinyesha, amani ya roho inavujiwa?"

"Hiyo ni maintenance, Shosho. Mimi naongea juu ya brand."

Brand ikaja kwa ndoo. Zambarau, ile ya kasisi wakati wa Kwaresima, na dhahabu pembeni. Walipaka ukuta, wakapaka utando wa buibui pamoja na buibui, wakapaka kutu ya mifereji, wakamaliza na shina la mparachichi lililokuwa limesimama tu halijaomba kitu. Juu ya lango akapandisha bango kubwa: KILELE ROYALE, na picha ya mlima wenye theluji. Mlima wenyewe uko hapo nyuma. Sasa ukisimama barabarani huuoni, umezibwa na picha yake.

Kisha akasema kufuli zetu zinaharibu sura. Kila mteja atoe yake, apewe ya dhahabu. Dhahabu hiyo nilipoikwaruza kwa ukucha ilibaki kwenye ukucha.

"Kila kufuli iko na key moja tu, Shosho. Hata mimi mwenye stoo siwezi fungua." Na ukutani akaandikisha kwa herufi za urefu wa ng'ombe: HAKUNA MKONO MWINGINE.

Haukupita mwezi, tukafungua namba saba tukakuta punje za pilau zimegandia sufuria tulizozisugua sisi wenyewe. Miguu ya viti ilikuwa na matope. Puto lililopasuka lilikuwa limenata kwenye tenti, la rangi ya waridi, na sisi mwezi mzima tulikuwa na matanga matupu.

Tabby aliita mkutano.

"Mama Muchiri, ufunguo uko na nani?"

"Uko na mimi."

"Na mwingine uko na nani?"

"Hakuna mwingine."

"Basi," akasema Tabby.

Wanawake niliopika nao miaka kumi na tisa wakaanza kutazama viatu vyao. Nikapewa mpaka Jumapili: niseme ninamkodishia nani vitu vya kikundi kisirisiri, ama nitoke. Mwizi wa viti, na nina miaka sabini na sita! Magoti yangu yenyewe nayabeba kwa shida. Nilicheka mbele yao. Nyumbani sikucheka.

Nilikwenda kwa Gatimu kumuuliza kama kufuli ile haina ufunguo wa pili. Akanipapasa bega kama mtu anayenunua mbuzi.

"Shosho, labda ulifungua wewe ukasahau. Ni umri tu."

Nikamshukuru sana. Nikamwuliza uzinduzi wa hiyo Kilele Royale yake ni lini.

Ulikuwa Jumamosi. Wateja wote tulialikwa, lakini uzinduzi ulikuwa wa mtu mmoja, Bwana Marete, mfanyabiashara wa madawati kutoka Meru, aliyetaka vyumba vyote kumi vilivyo vitupu kwa mpigo. Bila yeye, zambarau yote ile ilikuwa ya kufurahisha nyuki.

Nilifika mapema, kabla ya wenye spika. Viti vilikuwa vimepangwa uani, vimevalishwa satini ya zambarau mpaka chini na utepe wa dhahabu mgongoni, kama maharusi mia moja wamepigwa butwaa. Nikakaa kwenye kimoja. Kiti ulichokalia miaka kumi na tisa, makalio hayahitaji kuulizwa.

Nikapitisha mkono chini ya kikalio. Laini. Nikahamia cha pili, cha tano, nikipumzika kila mahali kama mzee aliyechoka. Safu ya tatu, vidole vikagusa rangi ya mafuta iliyovimba, herufi baada ya herufi. Nikakibeba kiti hicho hadi meza kuu, nikakiweka katikati.

"Shosho, unapeleka wapi?" akauliza mpishi.

"Mgeni ana mgongo mbaya. Hiki ndicho kinamfaa."

Watu wakajaa. Tabby alikaa kando yangu bila kunisalimia. Gatimu akashika maikrofoni, akasema habari ya kilele na habari ya amani ya roho, akaonyesha maandishi ukutani. Bwana Marete, mtu mnene mpole, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikainua mkono.

"Gatimu mwanangu, hongera. Viti hivi vizuri hivi, ni vya kukodi?"

"Kukodi? Hapana, Shosho! Ni vyetu. Vipya kabisa, vilifika jana kutoka Nairobi."

"Havijawahi kukaliwa?"

"Bwana Marete ndiye wa kwanza!"

Watu wakapiga makofi.

"Basi ageuze chake tuone huo upya. Mimi ni mtu wa viti, napenda kuangalia."

Gatimu akacheka. Nyuma alikuwa amefunika, na chini hakuna mtu mwenye heshima anayetazama. "Geuza tu, Bwana Marete. Hapa hatufichi kitu."

Bwana Marete akasimama, akapindua kiti, satini ikamwagika. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti nzito, taratibu, kama anayesoma somo la kwanza kanisani:

"KITI HII IMEIBWA. UMEKALIA MALI YA WATIRI. SIMAMA."

Alikuwa tayari amesimama, maskini, lakini akarudi hatua moja nyuma.

Tabby aliinuka. Akavua utepe wa kiti chake, akapandisha satini, na WENDANI ikatokea, buluu, mwandiko wangu. Akaitazama. Akanitazama mimi. Kisha akamgeukia Gatimu na kuuliza kwa sauti ileile aliyoniulizia mimi:

"Gatimu, ufunguo mwingine uko na nani?"

"Hakuna mwingine," akasema Gatimu, akapiga mfuko wa koti kutuonyesha ulivyo mtupu, akaupiga kwa mkono uleule ulioshika maikrofoni, na spika zote nne zikatusikilizisha mlio wa funguo.