Bastola ya Mguu wa Meza

Msasa alikuwa amefika kwenye mdomo wa bastola. Alikuwa ameibana kwenye jiliwa, akaizungushia kitambaa ili meno ya chuma yasiing'ate, na sasa alisugua taratibu, akipuliza vumbi na kupitisha kidole kila aliposhuku. Rangi nyeusi ya miaka mingi ilikuwa imenyanyuka pembeni kama ngozi ya kisigino. Chini yake ulionekana mti wenyewe, mwekundu na mgumu, uliokuwa mguu wa meza ya chakula kabla baba yake hajaamua kwamba meza inaweza kusimama kwa miguu mitatu na ukuta. Mama yake hakuisamehe bastola hiyo. Mpaka leo mgeni akikaribishwa mezani huelekezwa kwanza asiegemee upande gani.

Jina la Msasa alipewa na watu wa filamu kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kipande cha msasa mfukoni, hata harusini kwake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya kuigizia: simu za zamani, nishani, chupa zinazovunjika bila kukata mtu. Karakana aliirithi kwa baba yake, ambaye alistaafu mikono ilipoanza kumtetemeka. Neno kustaafu alilielewa kwa namna yake. Kila siku alikuja kukagua, akahamisha patasi kutoka zilipokuwa na kuziweka zilipokuwa enzi zake.

Bastola hiyo ilikuwa imecheza katika filamu zote za kampuni yao ndogo. Ilivamia benki, ililinda waziri, ilitupwa mtoni ikiwa imefungwa uzi ili irudi. Ilimuua shemeji yake Msasa, mdogo wa mumewe, katika filamu nyingi kiasi kwamba mtaani hakuna aliyekumbuka jina lake. Alikuwa Marehemu tu, na watoto walimwamkia hivyohivyo, kwa heshima zote: shikamoo Marehemu.

Lakini katika kazi zote hizo bastola ilionekana kwa mbali, au ikiwa imechomekwa kiunoni. Wapiga picha waliogopa mti usije ukajulikana ni mti. Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa mzee. Yeye aliichonga kila mstari, mpaka vimistari vya nyuma vya kushikia kwa vidole wakati wa kuikoki, na hakuna aliyewahi kuviona.

Sasa siku yake ilikuwa imefika. Filamu mpya ilimhusu kapteni mstaafu, na katikati yake kapteni anafungua mtoto wa meza, anatoa bastola yake ya jeshini, anaitazama, anairudisha. Mwongozaji aliamua kamera isogee mpaka bastola ijae kwenye skrini nzima. Picha ilikuwa ipigwe kesho. Mzee alishamweleza kinyozi, muuza dawa, na watu wa kituo cha basi ambao hawakumuuliza.

Msasa alifungua jiliwa, akafuta vumbi mikononi, akavuta kitabu alichoazimwa na mwongozaji, kinachohusu bastola halisi ambayo mzee aliiiga. Alitaka kuona michoro ya msalaba kwenye mpini ili aikoleze. Kilikuwa kitabu kinene chenye picha kubwa, na yeye hakuwa mtu wa kuruka kurasa, kwa hiyo alikuwa amekisoma tangu mwanzo. Kilieleza kwamba jeshi la Marekani liliipokea bastola hiyo halisi mwaka 1911, baada ya askari wake kulalamika kwamba bastola walizokuwa nazo zilipiga risasi nyepesi mno. Ilipita vita viwili vya dunia na vingine baada yake, ikarekebishwa kidogo tu miaka ya ishirini, na haikuanza kupumzishwa mpaka miaka ya themanini. Waliokuwa watoto ilipoanza kazi walizeeka wakaiacha bado inaripoti asubuhi.

Aliweka bastola ya mzee kando ya picha kubwa. Akatazama huku, akatazama kule. Akageuza kitabu, akageuza bastola, kisha akavirudisha vyote kama vilivyokuwa.

Kwenye kitabu, kidirisha cha kurukia maganda ya risasi kilikuwa upande wa kulia. Kwenye bastola ya mzee kilikuwa kushoto. Kizuizi cha usalama, kile kinachosukumwa kwa dole gumba, kitabu kilikiweka kushoto. Mzee alikiweka kulia. Msasa alifikiri labda picha imekosewa, akafunua nyingine, na nyingine. Zote zilikubaliana, na zote zilimpinga baba yake.

Wakati huo Marehemu aliingia kuja kupima koti la kapteni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa nafasi ya mtu anayefika mwisho wa filamu akiwa hai, na tangu apewe alitembea mgongo wima hata akienda dukani. Msasa alimwonyesha kitabu na bastola. Marehemu alitazama kwa muda, akaketi juu ya ndoo.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimeuawa kimakosa."

Msasa alimwambia apunguze sauti, mzee yuko uani. Marehemu alipunguza sauti lakini hakupunguza maneno. Alitaka kujua kama anaweza kudai kufufuliwa filamu baada ya filamu, au waanze na ile aliyoangukia kwenye matope.

Kurekebisha haikuwezekana. Kidirisha cha kushoto kingezibwa, lakini upande wa kulia mzee alikuwa amefukia kipande cha chuma ili bastola iwe na uzito mkononi, na ukikata hapo ungekutana nacho. Msasa alimpigia simu mwongozaji, akamweleza mambo kama yalivyo. Mwongozaji hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba picha ya karibu kiasi hicho haisamehe, na kwamba kuna watu wanaokodisha bastola za plastiki, nzuri tu. Akaomba apewe jibu kabla giza halijaingia ili amtume mtu akaichukue.

"Na mzee?" Msasa aliuliza.

Mwongozaji alisema mzee atakaribishwa, atapewa kiti karibu na kamera. Msasa alimfikiria baba yake kwenye kiti hicho, akitazama plastiki ya watu ikijaa skrini. Alishukuru, akakata simu.

Mzee aliingia na kikombe cha chai kilichojaa nusu, maana kikijaa zaidi kilimwagika njiani. Alitazama uso wa bintiye, akatazama wa Marehemu, akauliza nani kafa safari hii.

Msasa hakujua kuzunguka. Alimsogezea kitabu na bastola, akamwekea kidole kwanza hapa, kisha hapa. Mzee alivaa miwani. Alisoma maelezo yote chini ya picha, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akasema waliochapisha kitabu hawakuwa makini, kwani yeye hakuitoa kichwani, aliitoa kwenye picha, na picha ile pale.

Ile pale ilikuwa ukutani juu ya benchi tangu kabla Msasa hajazaliwa. Ilikuwa picha ya kung'aa iliyowahi kubandikwa nje ya ukumbi wa sinema, kutangaza filamu ambayo hakuna aliyekumbuka hata jina lake. Mwanamume mwenye taya pana amesimama na bastola mkononi, maandishi ya pembeni yamekatwa kwa mkasi. Familia nzima ilimjua kwa jina la Shati la Mkewe. Mama ndiye aliyemwanzishia utani huo, alipogundua kwamba vifungo vya shati lake vimekaa upande wa mashati ya kike. Toka hapo kila mtoto wa nyumba hiyo alicheka na Shati la Mkewe. Walisema alitoka nyumbani kwa haraka, alivaa gizani, ana mke mwenye mabega mapana.

Msasa alipanda kwenye stuli kuishusha, ili amwonyeshe mzee kwa upole. Alipoishika mkononi, macho yake yalitua kwenye vifungo. Akasimama hapohapo juu ya stuli.

"Baba," alisema. "Hajavaa shati la mkewe."

"Limekuwa la nani leo?"

"Lake. Picha ndiyo imegeuzwa. Waliochapisha waliigeuza, kushoto ikawa kulia. Shati, bastola, mkono, kila kitu."

Mzee aliipokea picha, akaipeleka dirishani. Ilichukua muda. Hatimaye mzee aliweka picha kwenye benchi, akaanza kutafuta kikombe chake ilhali alikuwa amekishika.

"Tumemsengenya mtu wa watu miaka yote," alisema, "kumbe mwenye kasoro nilikuwa mimi."

Msasa alimweleza habari ya plastiki, kwa sababu haikuwa na maana kuificha. Mzee alisema ni sawa. Akasema tena ni sawa. Akachukua patasi moja, akairudisha Msasa alikokuwa ameiweka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Msasa aliumia kwa hilo kuliko kama angelalamika.

Ili kumchangamsha, alimsomea sura ya mwisho ya kitabu, iliyohusu sinema. Ilisema kwamba hata bastola yenyewe si kila mara ilicheza kama yenyewe. Risasi za bandia za ukubwa wake ziliisumbua, ikakwama katikati ya mapigano, kwa hiyo watengeneza filamu wengine walitumia bastola ya Kihispania iliyofanana nayo, na watazamaji wakatoka ukumbini wakiapa wameiona ile ya jeshi.

"Kwa hiyo hata wao walidanganya," mzee alisema.

"Hata wao."

"Lakini wao walidanganya upande sahihi."

Marehemu alicheka, akainuka kwenye ndoo na kuvaa koti la kapteni mbele ya kipande cha kioo kilichokuwa kimeegemezwa mlangoni. Alijitazama na nishani zake. Kisha, kwa kuwa utani ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumwonea mtu huruma, alimwambia mzee asihangaike. Bastola isiguswe. Watamgeuza yeye Marehemu, koti na meza na dunia yote, waifuate bastola.

Mzee alitabasamu kidogo. Msasa hakutabasamu. Alikuwa anatazama kioo, na ndani ya kioo shemeji yake alikuwa na nishani upande wa kulia na amevaa koti la mkewe.

"Shemeji, rudia ulichosema."

"Nilikuwa natania."

"Najua. Rudia."

Alimpigia tena mwongozaji. Alimweleza polepole, kama kawaida yake: bastola imegeuzwa, basi picha nayo igeuzwe kwenye kompyuta baada ya kupigwa, na bastola itakuwa sahihi. Kamera itakuwa karibu, haitaona zaidi ya kifua cha kapteni, mkono, na mtoto wa meza. Hivyo vitatu wavipange kinyume, vikigeuzwa vitulie. Upande wa pili Msasa akasikia kicheko. Mwongozaji alisema kompyuta ataimudu, si kazi kubwa. Lakini koti lazima ligeuzwe sawasawa, na kapteni, ambaye kwenye filamu yote anatumia mkono wa kulia, picha hiyo aicheze kwa mkono wa kushoto bila kuonekana anajifunza. Akiona asubuhi kwamba vimewezekana, plastiki hataitaka. Visipowezekana, ataagiza iletwe.

Kazi ikaanza. Mzee aliambiwa akae, akakaa kwa muda wa kumaliza chai, kisha akajipa cheo cha kumnoa Marehemu. Alimweka mbele ya droo ya misumari na kumwamuru afungue, atoe, atazame, arudishe, kwa kushoto. Mara ya kwanza Marehemu alitoa bastola kama mtu anayetoa samaki kwenye ndoo. Mara nyingine alibana kidole. Mzee alimkumbusha kwamba huyo ni kapteni, si mwizi wa misumari. Marehemu alijibu kwamba kufa kulikuwa rahisi zaidi, unaanguka tu na mkono wowote.

Msasa alihamisha nishani, akabandua vifungo kimoja kimoja kwa wembe, akaving'arisha na kuvipanga kwenye kisahani. Upande wa kulia wa koti haukuwa na vitundu vya kupitishia vifungo, na kutoboa vipya kungeharibu koti kwa picha zilizobaki. Alilipindua, akalivuta, akalikunja. Mwishowe aliona njia ni moja: vifungo vishonewe juu, kupitia nguo zote mbili, koti likiwa limefungwa mwilini.

"Yaani mtanishonea nikiwa ndani?" Marehemu aliuliza.

"Kesho asubuhi, kabla ya kamera."

"Marehemu kushonewa nguo akiwa ndani si habari," mzee alisema bila kugeuka. "Rudia droo."

Mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Bastola ilipakwa rangi, ikaning'inizwa kwa uzi juu ya benchi ikauke, kidirisha chake kikiwa kushoto palepale mzee alipokikata. Rangi ya pili ingesubiri asubuhi. Marehemu aliondoka akifungua milango yote kwa mkono wa kushoto, na wa nje ukamshinda.

Mzee aliirudisha ukutani ile picha ya kung'aa, akainyoosha pembe.

"Sasa tumwiteje huyu?" aliuliza.

Msasa alisema hajui, watafikiri kesho. Alichomeka sindano yenye uzi kwenye ukosi wa koti ili asiitafute asubuhi, akafunika kisahani cha vifungo, na akangoja baba yake amalize kuhamisha patasi ndipo azime taa.