Bawa la Bi Hafsa

Kwa nini Abdulwahab, msimamizi wa majaruba ya chumvi, aliyezijua saa za maji kujaa kuliko saa za sala, alimfuata mwanamke mlemavu hadi katikati ya tope? Hapa Kilwa Masoko swali hilo bado halijapata jibu.

Kinachojulikana ni kwamba muuguzi Debora alipoikata plasta ya Bi Hafsa pale zahanati, hakukuta mkono, bali bawa la kitwitwi, yule ndege mdogo wa ufukweni, ila lenye urefu wa mkono wa mtu.

"Mfupa umeunga vizuri," alisema. "Ila usiulalie, mama." Akamwita mgonjwa mwingine.

Mkono ule ulivunjwa na trekta la Abdulwahab, lililokuwa likijenga tuta la majaruba mapya. Bi Hafsa alikuwa amejilaza ufukweni kuyakinga matope ambamo wanawake huchimba kombe. Trekta lilipita juu ya mkono wake na juu ya mayai ya kitwitwi yaliyotagwa mchangani. Taarifa ya kampuni ya chumvi ilisema aliteleza.

Adui anapokikaribia kiota, kitwitwi hujiburuza kama aliyevunjika bawa, akamvuta adui huyo mbali na mayai. Maji yalipokupwa, Bi Hafsa alipita mbele ya Abdulwahab akiburuza bawa lake.

"Bi Hafsa! Umeota manyoya, mbona huruki?"

"Naruka vibaya, baba. Njoo unikamate."

Abdulwahab alicheka, akamfuata. Kila alipokaribia, Bi Hafsa alijikokota mbele kidogo. Tope lilipomfika Abdulwahab magotini, na maji yakaanza kurudi, Bi Hafsa alikunjua bawa, akaruka, akaenda nyumbani kupika uji.

Kesho yake Abdulwahab alionekana miongoni mwa ndege sululu, amesimama kwa mguu mmoja, goti limepinda kinyumenyume, akichokoa minyoo kwa mdomo mrefu. Mkewe, Saida, humpelekea wali. Hauli. Bi Hafsa humtazama kila siku, na hajachoka kumtazama.

Kampuni ilimleta msimamizi mwingine, Frank. Trekta liliendelea, na tuta sasa limeziba nusu ya tope. Frank ameonywa, akiliona bawa la Bi Hafsa hugeuza uso.

Jana wachimba kombe walikutana barazani kwa Bi Hafsa. Binti yake, Mwanaasha, aliukunja mkono wa gauni hadi begani.

"Frank ameshalijua bawa la mama, langu hajaliona," aliwaambia. "Kesho nitajilaza mimi mbele ya trekta. Mwambieni Debora aandae plasta."